Chopin na Wewe Katika Albamu Moja: Mbinu za Kurekodi Piano

Mwaka 1929 Sergei Rachmaninoff alirekodi Carnaval ya Robert Schumann, na mwaka uliofuata akarekodi Sonata ya Pili ya Chopin. Mtu huyohuyo aliingia studio kurekodi tungo zake mwenyewe, kwa vidole vilevile. Kwake hapakuwa na ukuta kati ya mpigaji na mtunzi. Haukuwapo kwa Liszt wala kwa Clara Schumann, na Chopin naye alijulikana Paris kwa kuzipiga tungo zake mwenyewe.

Ukuta huo uliimarika karne ya 20, mafunzo ya piano yalipoelemea kwenye kupiga kwa usahihi yaliyoandikwa na wengine. Wengi wetu tuliopitia mitihani ya piano tumelelewa ndani yake. Nokturni ya Chopin tunaipiga mbele ya mtahini, ilhali tungo zetu zinabaki nyumbani, zinapigwa usiku, hazina hata jina. Makala haya ni kwa mpiga piano anayetaka kuziweka kazi hizo mbili pamoja, na anayetaka msikilizaji asikie albamu moja kweli.

Kanuni ninayoiamini ni hii: utungo wa marehemu upige kana kwamba ni wako, na utungo wako usome kana kwamba umeandikwa na marehemu. Chopin apate kwako ujasiri ambao mtu huuweka kwa kazi yake mwenyewe, na kazi yako ipate ukali wa macho na subira tunayomwekea Chopin. Hatua zote zinazofuata, tangu kuchagua vipande hadi kuandika majina kwenye faili, zinatoka hapo.

Tafuta uzi kabla ya kutafuta studio

Njia rahisi ni kukusanya: vipande vitano vya karne ya 19 unavyovipenda, kisha vitano vyako. Matokeo yake ni albamu mbili zilizobanwa kwenye jalada moja, na msikilizaji atakulinganisha na Chopin badala ya kuwasikiliza nyote wawili. Unahitaji uzi unaopita ndani ya kazi zote. Nyuzi nne zimekwisha kujaribiwa na wenzetu.

Uzi wa kwanza ni mandhari. Mwaka 2014 mpiga piano Mwingereza Stephen Hough alitoa albamu ya In the Night, yote ikizunguka usiku: kipande cha Schumann kuhusu usiku, sonata ya Beethoven iliyozoeleka kwa jina la mbalamwezi, nokturni mbili za Chopin, Carnaval, pamoja na Sonata ya Pili ya Hough mwenyewe, ambayo nayo ameipa jina la muziki wa usiku. Anayesikiliza hana haja ya kuuliza Hough mtunzi anatafuta nini hapo.

Uzi wa pili ni wazo la muziki lenyewe. Mwaka 1853 Clara Schumann alichukua dhamira fupi ya mumewe Robert akaitungia mageuzo, Opus 20. Mwaka 1854, Robert akiwa tayari amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kijana Johannes Brahms aliichukua dhamira ileile akaitungia mageuzo yake, Opus 9. Kati ya 1902 na 1903 Rachmaninoff aliichukua Preludi Na. 20 ya Chopin, yenye vipimo 13 tu, akaigeuza mara 22. Kwa mtunzi anayeanza, njia hii inafaa kuliko zote. Piga kwanza dhamira ya asili, halafu mageuzo yako. Sikio likishajua lilikotoka, linakufuata mbali.

Uzi wa tatu ni umbo. Preludi 24 za Chopin, Opus 28, zilizochapishwa mwaka 1839, zinapita kwenye funguo zote za meja na maina. Unaweza kupiga 12 kati ya hizo, kisha ukatunga zako katika funguo 12 ulizoziruka.

Uzi wa nne ni asili ya wimbo. Mwaka 1905 Samuel Coleridge-Taylor, Mwingereza ambaye baba yake alitoka Sierra Leone, alichapisha 24 Negro Melodies, Opus 59. Humo mna nyimbo za Wamarekani weusi na nyimbo za Afrika, kadhaa zikiwa za kusini mashariki mwa bara letu, zote zimeandikwa kwa lugha ya piano ya Romantiki. Kama kazi yako imezaliwa na ngoma ya kwenu au na taarabu uliyokua ukiisikia, vipande viwili vitatu vya Coleridge-Taylor vikikaa kati ya Schumann na wewe vitaeleza mengi bila maneno.

Ukishachagua, jipime. Andika kwa sentensi moja kile ambacho msikilizaji atakisikia kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kutaja jina lako. Sentensi ikikataa kuandikika, usilipie studio bado.

Panga dakika na mfuatano

CD hubeba dakika 74 hadi 80, lakini huna deni la kuzijaza. Dakika 45 hadi 60 zinatosha albamu ya piano peke yake. Preludi zote 24 huchukua takriban dakika 40, na Kinderszenen ya Schumann, vipande 13 vya mwaka 1838, haifiki dakika 20. Ukizichagua zote mbili, kazi yako itabanwa pembeni.

Kazi zako zisikae zote mwishoni. Huko huonekana kama nyongeza, na msikilizaji aliyechoka atazima kabla ya kufika. Wala usikiweke kipande chako kifupi na laini mara tu baada ya baladi yenye mwisho wa ngurumo, kwani sikio litakuwa bado limejaa. Kiweke mahali ambapo njaa ya sauti kama hiyo imekwisha kuamshwa.

Sikiliza viungo. Piga akodi ya mwisho ya kila kipande, nyamaza, kisha piga kipimo cha kwanza cha kinachofuata. Funguo zenye nota nyingi za pamoja, kama A maina na C meja, huleta mwendelezo. Funguo za mbali huleta mshtuko, na mshtuko mmoja uliokusudiwa una nguvu kuliko mitano iliyotokea tu.

Katika kuchagua kazi za zamani, acha umaarufu usikuchagulie. Chukua ile unayoweza kuipiga mara tatu kwa siku moja bila mkono kukakamaa, kwa sababu ndivyo siku ya kurekodi itakavyokudai.

Nota safi kwa zote mbili

Kwa kazi za karne ya 19, tafuta chapa iliyolinganishwa na miswada na matoleo ya awali, kama za Henle, Bärenreiter, au Toleo la Taifa la Poland la kazi za Chopin lililosimamiwa na Jan Ekier. Chapa nyingi za zamani zinazopatikana bure mtandaoni zimejaa alama za wahariri: pedali, mishale ya sauti, hata nota zilizobadilishwa. Chopin mwenyewe alichapisha kazi zake Ufaransa, Ujerumani na Uingereza kwa wakati mmoja, na matoleo hayo hayafanani kila mahali. Penye tofauti, amua mapema utakachopiga na ukitie alama. Usipoamua, teki (upigaji mmoja uliorekodiwa) ya asubuhi itakuwa na nota moja na ya jioni nyingine, na wakati wa kuhariri hazitaungana.

Kwa kazi yako, andika kila kitu. Watunzi wanaojipigia wenyewe huacha nusu ya muziki kichwani: pedali haikuandikwa, mwendo haukutajwa, sauti ya kati inayopaswa kusikika haina alama. Andika nota hadi mahali ambapo mtu asiyekujua angeweza kuupiga utungo huo. Kisha mpe mpiga piano mwingine, umwache apige mbele yako, nawe usiseme neno. Kila anapositasita, kuna kitu hukukiandika au hukukijua. Rekebisha, uifungie karatasi wiki kadhaa, halafu ijifunze upya kama mgeni.

Kama kazi yako ina sehemu ya kubuni papo hapo, weka mipaka yake kwenye karatasi: vipimo vingapi, katika ufunguo upi, inaingia na kutoka kwa nota zipi. Sehemu ya namna hiyo haiunganiki na teki nyingine, kwa hiyo lazima itoke nzima. Ukijua mapema, utaitengea muda wake.

Mazoezi ya kubadilishana nafasi

Hapa ndipo kanuni yetu inapofanya kazi kila siku.

Chukua Preludi ya Chopin na uiulize maswali ya mtunzi. Kwa nini akodi hii, si ile iliyotarajiwa? Angeimaliza vipimo vinne mapema, tungekosa nini? Chukua mtindo wa mkono wake wa kushoto, uushike, na mkono wa kulia ubuni wimbo wako juu yake. Baada ya wiki ya zoezi hili, utakaporudi kwenye nota zake utazipiga kama mtu anayefanya uamuzi, si kama anayekumbuka.

Halafu geuza. Chukua utungo wako uupe matunzo ya shuleni: vidole viandikwe, mkono wa kushoto ufanyiwe mazoezi peke yake, kilele cha kila sentensi kitafutwe, besi isikilizwe kama wimbo wa pili. Watunzi hujisamehe sehemu ngumu za kazi zao kwa kuwa wanajua walichokusudia. Msikilizaji hajui ulichokusudia. Anasikia ulichopiga.

Mambo mawili ya mtindo yanahitaji uangalifu. La kwanza ni rubato. Wanafunzi wa Chopin walisimulia kwamba aliutaka mkono wa kushoto utunze mwendo huku wa kulia ukijongea kwa uhuru. Jirekodi kwa simu mkono wa kushoto peke yake, kama unavyoupiga katika kipande kizima. Ukiyumba kiasi kwamba mtu hawezi kupiga makofi juu yake, rubato yako imekuwa kigugumizi. Kisha fanya hivyo na kazi yako, kwa sababu mpigaji aliyezoea Romantiki huingiza kuvutavuta mwendo hata mahali ambapo muziki wake unadai mdundo ulionyooka.

La pili ni pedali. Piano za Pleyel alizozipenda Chopin zilikuwa na sauti nyepesi iliyofifia upesi kuliko piano kubwa za leo. Pedali ndefu aliyoiandika inaweza kuwa tope kwenye piano ya kisasa, na dawa yake ni kukanyaga nusu au robo, mguu ukiongozwa na sikio. Kwenye kazi yako inayotoka kwa ngoma, jaribu kwanza bila pedali kabisa. Akin Euba, mtunzi wa Nigeria aliyelea fikra ya upigaji piano wa Kiafrika, alisisitiza upande wa piano kama chombo cha kugongwa. Midundo inayopokezana kati ya mikono miwili hupotea mara moja pedali ikiifunika, na pamoja nayo hupotea sababu ya kuandika kipande chenyewe.

Jirekodi kila wiki, vipande vya zamani na vyako mfululizo, usikilize kesho yake mbali na piano, nota mkononi. Ukisikia kwamba mguso wako unabadilika kuwa wa woga au wa pupa mara tu zamu yako inapoingia, hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Piano na chumba

Piano ya tamasha ina vibao 88 na nyuzi zipatazo 230, zikivutwa kwa nguvu ya jumla inayofikia tani 20 hivi. Chombo hicho kinasikia hali ya hewa. Mbao zake hupenda unyevu usiobadilikabadilika, karibu na asilimia 50. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hewa mara nyingi huwa na unyevu kuliko hapo, na kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni huiyumbisha piano zaidi ya joto lenyewe. Ukikodi piano ya kanisa, shule au hoteli, omba hali ya chumba iachwe vilevile kwa siku kadhaa kabla ya kurekodi.

Fundi wa piano ni mtu wa kwanza kumlipa. Aje siku moja au mbili kabla, atyuni na akague pedali inayolia, nyundo zilizokakamaa na vibao vinavyogonga. Arudi asubuhi ya kurekodi, na ikiwezekana awepo mchana. Mpigie vipande vyote, vyako pia, ili ajue nguvu utakayotumia. Kama utungo wako una akodi nzito zinazorudiwarudiwa, utalegeza nyuzi, na nokturni utakayopiga baada yake itasikika mbovu. Kwa sababu hiyo vipande vizito virekodiwe mwisho wa siku, bila kujali vitakaa wapi kwenye albamu.

Chumba kitafutwe kwa masikio. Ukumbi mkubwa wa mawe humpendeza Chopin kwa mwangwi wake, lakini midundo ya haraka hujichanganya humo. Kwa albamu yako unahitaji chumba kimoja kinachoziheshimu kazi zote mbili: dari ya juu, mbao, mapazia au viti vya vitambaa vya kiasi. Usirekodi kazi za zamani kanisani na zako studio. Msikilizaji atasikia vyumba viwili, na ule uzi ulioutafuta kwa bidii utakatika.

Keti katika chumba hicho kimya, saa zilezile utakazorekodi, uandike unachosikia: jenereta, friji ya chumba cha pili, bodaboda, adhana, kengele, watoto wakitoka shule, mvua kwenye bati. Panga ratiba kuzunguka sauti hizo, maana haziondoki kwenye mkia wa akodi laini. Feni na kiyoyozi vizimwe wakati wa teki na kuwashwa wakati wa mapumziko. Wewe nawe vua saa na bangili, kagua kiti kisilie, na vaa nguo isiyo na mchakacho.

Maikrofoni mbili zinatosha

Piano ya Romantiki inahitaji hewa. Maiki zikiingizwa ndani ya piano, kama inavyofanywa kwenye muziki wa bendi, utapata nyundo na vibao, lakini sauti haitakuwa imepata nafasi ya kuungana. Fungua kifuniko chote kwa fimbo ndefu. Weka maiki mbili zinazopokea sauti kutoka pande zote, zikiwa zimeachana sentimita 40 hadi 60, upande ambao kifuniko kimefunguka, umbali wa mita 1.5 hadi 2.5, na urefu kati ya mita 1.5 na 2. Chumba kikiwa na mwangwi mwingi au kelele, tumia maiki zinazopokea zaidi kutoka mbele, kwa mpangilio wa ORTF uliotokana na redio ya Ufaransa: sentimita 17 kati yake, na pembe ya nyuzi 110.

Tafuta mahali pa maiki kwa kupiga vipande viwili, kilicho laini kuliko vyote na kilicho kizito kuliko vyote. Sogeza sentimita 20, piga tena, sikiliza. Saa moja au mbili za zoezi hili ni muda uliotumika vizuri. Ukipata mahali, tia alama kwa utepe sakafuni, kwa miguu ya maiki na ya piano pia, na hapo pasiguswe hadi kazi iishe.

Rekodi kwa biti 24, na kHz 48 au 96. Mwombe fundi sauti aweke kiwango kwa kile kipande kizito, kilele kikiishia kwenye desibeli kama 10 chini ya kikomo, kisha kiwango hicho kisibadilishwe kwa albamu nzima. Fundi aliyezoea muziki wa kisasa atashawishika kupandisha kipande laini. Mweleze kwa upole kwamba tofauti kati ya kunong'ona na kunguruma ndiyo muziki wenyewe, na kwamba Chopin na wewe mnapimwa kwa mizani moja.

Siku za kurekodi

Kwa dakika 60 za muziki tenga siku mbili hadi tatu. Usirekodi kazi zote za zamani siku ya kwanza na zako ya pili. Changanya kila siku, ili uchovu na uchangamfu wako ugawanyike sawa.

Tafuta mtu wa kukaa chumba cha pili na nota mbele yake. Anaweza kuwa prodyuza, mwalimu wako au mpiga piano mwenzako, mradi anasoma nota na ana ujasiri wa kukwambia ukweli. Kila teki aipe namba, na juu ya nota aandike palipokosewa na palipotoka vizuri. Bila yeye utajihukumu mwenyewe huku mapigo ya moyo yakienda mbio, na utarudia visivyohitaji kurudiwa. Huyo ndiye anayekuweka mkweli hasa kwenye kazi yako, ambako wewe ni mpigaji, mtunzi na hakimu kwa pamoja.

Piga kwanza kipande kizima mara mbili au tatu. Enzi za Rachmaninoff santuri ilibeba dakika nne au tano kwa upande na haikuwezekana kukata na kuunga. Kosa moja lilimaanisha kurudia upande mzima, na ndiyo maana rekodi zile zina mwendelezo wa pumzi. Teki nzima zitakupa mwendelezo huo. Baada yake ndipo urekodi viraka. Kwa kila kiraka anza vipimo vinne kabla ya kosa na umalize vipimo viwili baada yake, kwa mwendo uleule, pedali ileile na nguvu ileile. Sikiliza sehemu hiyo kwenye teki nzima kabla hujakirekodi.

Mwisho wa kila kipande, mikono ibaki ilipo hadi sauti ife kabisa. Hesabu polepole hadi kumi hata kama unadhani imekwisha. Na kabla ya kuondoka kila siku, rekodi dakika moja ya ukimya wa chumba. Mhariri atautumia kujaza nafasi kati ya vipande.

Kuhariri bila kuua

Sikiliza teki zote baada ya siku chache, si usiku uleule. Chagua teki moja nzima iwe mti mkuu wa kila kipande, ile yenye maana zaidi hata kama ina makosa, na viraka vihudumie hiyo. Kuunga kufanyike pale nota mpya inapogongwa, kwa sababu mshindo huo huficha mshono. Mshono uliowekwa katikati ya sauti inayofifia husikika hata kwa asiyejua muziki.

Weka kikomo. Nota iliyokosewa ndani ya pasaji ya haraka, isiyomshtua msikilizaji, inaweza kubaki ikiwa kuiondoa kutakata pumzi ya sentensi. Sheria hiyohiyo itumike kwenye kazi yako. Watunzi wengi huvumilia kasoro kwa Schumann na kukatakata utungo wao hadi ukauke.

Wakati wa masta, kataa kubanwa kwa sauti ili albamu ionekane na nguvu. Majukwaa makubwa ya kusikiliza muziki husawazisha sauti yenyewe, Spotify ikilenga LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kubana hakutakuongezea chochote, na kutakunyang'anya upole wako. Kazi iliyobaki ni kupanga ukimya kati ya vipande. Wakati mwingine sekunde tatu zinatosha, na baada ya kipande kizito hata nane. Amua kwa kusikiliza albamu nzima, si kwa saa.

Haki na majina

Chopin alifariki mwaka 1849, Robert Schumann 1856, Liszt 1886, Clara Schumann 1896, Brahms 1897 na Coleridge-Taylor 1912. Kazi zao ni za wote. Sheria ya Kenya hulinda kazi ya muziki kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na Umoja wa Ulaya kwa miaka 70. Kwa kuwa rekodi yako itasikika kote, tumia kipimo kirefu. Angalia pia mageuzo ya kisasa: Federico Mompou aliitungia mageuzo Preludi Na. 7 ya Chopin, lakini kwa kuwa Mompou alifariki mwaka 1987, kazi yake bado inalindwa hata kama dhamira ni ya Chopin.

Kwa upande wako, sajili tungo zako: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya. Kama umetumia wimbo wenye mtunzi anayejulikana, mwombe ruhusa yeye au warithi wake kwa maandishi kabla ya kurekodi. Kama ni wimbo wa ngoma usio na mtunzi mmoja, taja jamii ulikotoka na mtu aliyekufundisha, kwa idhini yake. Tungo zetu zimeporwa vya kutosha, na haifai sisi wenyewe tuuendeleze mtindo huo.

Kila kipande kinahitaji ISRC, namba ya kuitambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Kwenye faili, jaza mahali pa mtunzi na mahali pa mpigaji kila mara: mtunzi Frédéric Chopin, mpigaji wewe, kisha mtunzi wewe, mpigaji wewe. Ukiacha wazi, mirabaha ya utunzi inaweza isikufikie. Hifadhi pia faili ghafi na nota za prodyuza wako. Mifumo ya mitandaoni inayotambua muziki huweza kudhani kwamba Preludi uliyopiga wewe ni rekodi ya mtu mwingine, na ushahidi huo ndio utakaokutetea.

Anza mwezi huu

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na sioni kwa nini piano iwe ugenini kwa mtu aliyeipigia magoti miaka mingi. Huhitaji kusubiri ukumbi wala fedha ili kuanza. Chukua Preludi Na. 20, vipimo vyake 13. Ijifunze kwa nota safi. Itungie mageuzo matatu, uyaandike hadi alama ya mwisho. Rekodi vyote vinne kwa simu, mfululizo, katika chumba kimoja, bila kusimama.

Mpe mtu asiyesoma nota, umwombe akuonyeshe mahali masikio yake yalipochoka. Yakichoka ndani ya kazi yako, rudi kwenye karatasi. Yakichoka ndani ya Chopin, rudi kwenye mazoezi. Ukiweza kupokea hukumu zote mbili kwa moyo uleule na kuzifanyia kazi kwa bidii ileile, uko tayari kutafuta fundi wa piano na kupanga tarehe.